Salama, Ila

Mtaa mzima ulimwita Zipu, na yeye hakulikataa jina hilo kwa sababu ndilo lililomlisha. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa la zamani, mlango umetazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, moja ya nguo na moja ya turubai, na kando ya ukuta rundo la makoti ya baridi, mifuko ya kulalia na mahema. Maduka ya kukodisha vifaa vya mlimani yalimletea vitu hivyo vikiwa vimechanika, vimeunguzwa na jiko, au zipu zake zimeng'oka meno, naye akavipa meno mapya. Tangu ujana wake alishona vitu vya kwenda juu, na hata siku moja hakuwahi kulivuka geti la hifadhi.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu asiyejua kunyamaza hata akiwa ameweka wembe kooni mwa mteja, hakuchoka kumtania. "Zipu, makoti yako yamefika kileleni mara ngapi sijui. Mwenye makoti je?"

"Mwenye makoti anayashona," Zipu alikuwa akijibu, na mambo yanaishia hapo.

Hayakuishia hapo mwaka aliofiwa na mkewe. Nyumba ilimshinda. Alikuwa akirudi kutoka karakana anakuta kiti cha marehemu kimetulia pale pale, anakihamisha, halafu anakirudisha. Jioni moja binti yake alipokuja kumwona, kabla hata hajavua viatu, Zipu akamwambia kwamba anataka kupanda mlima.

Binti huyo alikuwa mwanawe wa pekee na kazi yake ilikuwa kuongoza watu mlimani. Wapagazi na wateja walimwita Kiongozi. Zipu alimwita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, na tangu msiba jina hilo lilikuwa likimkwama kidogo kooni. Kiongozi hakucheka. Alimtazama baba yake kuanzia kisigino mpaka kwenye mvi, kwa jicho la kazi, kama yeye baba anavyolitazama hema kabla ya kutaja kama linafaa kushonwa au kutupwa.

"Umri si kitu, baba," akasema. "Nimeshawafikisha watu wenye meno ya bandia, na nimeshawateremsha kwa machela vijana wenye vifua kama milango. Miguu yako tutaifundisha. Pumzi tutaifundisha. Wewe shida yako iko mdomoni."

"Meno yangu mazima."

"Sisemi meno. Nasema ulimi. Mimi kule juu, kila asubuhi na kila jioni, namuuliza mtu: habari ya kichwa, habari ya tumbo, habari ya usingizi, umekula? Wageni kutoka mbali wananijibu wanavyojisikia, wengine mpaka wanakera. Lakini sisi! Unamkuta mtu ametoka kutapika nyuma ya jiwe, unamuuliza habari, anapangusa mdomo, anakwambia salama. Ukiwa na subira, ndiyo inafuata ile ila yao. Salama, ila kichwa kinanigonga kidogo. Salama, ila naona watu wawili wawili. Na hapo umebahatika. Wengine ile ila wanakufa nayo."

Akainama kuvua viatu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Kama mama."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Marehemu alikuwa na uvimbe tumboni, na kwa muda mrefu kila binti yake alipoingia akiuliza habari za hapa, alijibiwa salama tu mwanangu, chai hiyo, kaa. Alijikaza hivyo mpaka siku aliposhindwa kuinuka kitandani, na daktari alipomfungua alimfunga tena. Kiongozi alikuwa na hasira ambayo haikupata mtu wa kuipokea. Huwezi kumgombeza aliyekwisha kuzikwa.

"Nitakupeleka," akasema mwishowe. "Ila kwa sharti. Kuanzia leo mpaka siku tutakapotoka tena getini, mtu yeyote akikuuliza habari, mwambie ilivyo. Hakuna salama, hakuna nzuri, hakuna tunamshukuru Mungu. Kama ni mbaya sema mbaya. Ile ila yako anza nayo."

Zipu aliona ni jambo dogo. Mazoezi ya kubeba mchanga mgongoni ndiyo aliyoyaogopa.

Kazi ikaanza. Daktari alimpima moyo na presha, akamzungusha kwenye mashine, akasema mzee huyu ana moyo wa punda, na Kiongozi akataka hayo yaandikwe vizuri, bila punda. Buti zikanunuliwa kubwa kidogo kuliko mguu, na Zipu akaamriwa azivae mchana kutwa, hata akiwa anakanyaga cherehani, mpaka zimzoee. Asubuhi alipanda na kushuka ngazi za ghorofa akiwa na begi la mchanga, wapangaji wakimpisha. Alasiri walikwenda kwenye kilima cha mnara wa simu, nje ya mji, binti mbele na baba nyuma, mwendo wa polepole wa kuudhi. Zipu alikuwa mtu wa haraka. Kila alipotaka kupita, mkono wa binti yake ulinyooka ukamzuia.

"Imba," Kiongozi alikuwa akimwambia. "Ukiweza kuimba, mwendo ni sawa. Ukishindwa, umekimbia."

Basi Zipu akaimba, sauti ya chuma juu ya chuma, mpaka mlinzi wa mnara akatoka kibandani kuangalia ni nini kinachochinjwa. Akanywa maji mpaka akasema amekuwa bomba. Jioni, akishamaliza kazi za watu, alijishonea koti lake mwenyewe, kwa uzi wa kijani, uzi aliotumia siku zote ili azitambue kazi zake zikirudi.

Miguu ilikubali. Ulimi ndio uliomtoa jasho.

Asubuhi ya kwanza kinyozi alimpungia brashi. "Habari za kuamka, Zipu?"

"Sa—" Zipu akajing'ata. "Mbaya. Goti la kushoto linauma, na choo kimegoma tangu juzi."

Kinyozi alisimama na brashi yake hewani, povu likimdondokea kiatuni. Kufika mchana habari zilikuwa zimeenea kwamba Zipu anaumwa sana. Jirani wa juu akaleta uji. Wazee wenzake wakaja kwa kundi, wakakaa kwenye rundo la mahema, wakatazamana, na mmoja akamuuliza kwa upole kama ameshaandika wosia. Zipu aliwaeleza sharti la binti yake. Walitikisa vichwa kwa adabu na hawakuamini hata neno moja. Mtu mzima haulizwi habari akajibu habari.

Baada ya hapo mtaa ukagawanyika. Wako waliokuwa wakimuuliza makusudi, ili wacheke. Wako waliovuka barabara wakimwona anakuja. Mteja mmoja alimuuliza habari za siku nyingi, kwa ustaarabu tu, huku mkono uko kwenye koti lake, akaishia kusimama mlangoni akisikiliza habari za siku nyingi, zote, moja baada ya nyingine. Aliyeteseka kuliko wote alikuwa mkwe, mume wa Kiongozi. Yeye alikuwa mwoka mikate, jibaba la mtu lenye mikono myeupe kwa unga na haya ya bibi harusi. Aliona aibu kumsikia baba mkwe wake akitaja choo. Akawa anaingia na shikamoo yake, anaitikiwa marahaba, halafu anaruka moja kwa moja kwenye hali ya hewa, mbio mbio, kama anayepita karibu na mbwa.

Lakini ulimi ukishalegea haulegei kwa magoti peke yake. Jioni moja walikuwa wamekaa juu ya kilima cha mnara, mji umetandazwa chini yao, na Kiongozi akauliza kama kawaida, "Habari, baba?"

"Mbaya," Zipu akasema. "Namkumbuka mama yako."

Binti akageuka kumtazama.

"Na nilijua," Zipu akaendelea. "Nilikuwa nasikia usiku anavyouuma mto. Aliniambia nisikwambie. Ulipokuwa ukija ukamuuliza habari, akisema salama, mimi nilikuwa natazama sahani yangu. Ile salama yake naijua. Ilikuwa inatoka upesi, kabla hujamaliza kuuliza."

Alidhani atapigiwa kelele, na angezipokea. Kiongozi alichukua jiwe dogo akalirusha chini, akalisikiliza mpaka likanyamaza.

"Nilijua kwamba ulijua," akasema. "Basi safari hii usitazame sahani. Mlimani ukiisikia salama ya namna ile, kwa mtu yeyote, hata kwa mpagazi, sema mbaya. Sema ni wewe unayeumwa, sijali. Sheria yangu iko moja: mtu akisema mbaya asubuhi ya kwenda kileleni, msafara unageuka. Hakuna ubishi wala maswali. Neno moja tu."

Zipu aliahidi. Walishuka bila kuimba, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalala usingizi wa kushiba.

Karibu na siku ya safari Kiongozi alirudi kutoka mlimani na wateja wengine akiwa na kikohozi. Alisema ni vumbi. Mkwe, ambaye kwa kawaida hakupandisha sauti hata kwa unga uliokataa kuumuka, alisema mbele ya Zipu kwamba hilo si vumbi, na safari isogezwe. Kiongozi akamwonyesha mawingu. Mvua zikianza njia zinafungwa, na zikifunguliwa mzee atalazimika kuanza upya na ngazi. Alisema amepumzika ya kutosha. Zipu alikuwa akikaza kamba za buti zake. Alizikaza muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Getini mkwe aliwasindikiza na mikate ya moto kwenye kitambaa. Akamwinamia Zipu, akasema kwa kunong'ona kama anayeomba kitu kikubwa, "Baba, unitunzie huyu."

Zipu akacheka. "Kwani nani anamtunza nani?"

"Najua. Lakini unitunzie."

Kwa siku za mwanzo Zipu alikuwa mfalme. Yale yote aliyoyaona upuuzi kule chini, mwendo wa kobe, maji bila kiu, kula bila hamu, sasa yalimlipa. Vijana wa misafara mingine waliompita wakikimbia msituni aliwakuta juu, kwenye mawe, wameshika vichwa. Asubuhi na jioni Kiongozi alimuuliza maswali yake, naye akajibu kama mwanafunzi anayejua somo. Siku aliyosema kichwa ni kibaya, upande wa kisogo, hawakusogea. Walipumzika pale pale mpaka kikapona. Msaidizi wa Kiongozi, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi waliyemwita Ndevu, alisema hajapata kuona mzee anayepanda hivi. Zipu akavimba. Alisema kwa sauti, ili wapagazi wasikie, kwamba turubai ya hema la jikoni ameishona yeye.

Ila kikohozi nacho kilikuwa kikipanda. Msituni kilikuwa kikavu. Kwenye mawe kikawa na kitu ndani yake. Kiongozi alianza kuachia maneno nusu, akisingizia upepo, na mkate alioumega alikuwa akiurudisha kwenye kitambaa. Ndevu alimtazama mara moja mbili, akataka kusema, akachemsha maji badala yake. Kiongozi ndiye aliyemfundisha kazi. Mtu hamuulizi mwalimu wake kama ameelewa.

Kwenye kambi ya mwisho mahema yao yaliwekwa ubavu kwa ubavu. Zipu alilala macho, akimsikiliza binti yake kupitia kitambaa alichokishona kwa mikono yake. Hakukohoa sana. Alikuwa akikaa, si kulala, na kuvuta pumzi fupi fupi. Mara moja akasikia sauti ambayo aliijua, ya mtu aliyeuma nguo ili asisikike.

Kulipokucha wakatoka. Jua lilikuwa limeshakipiga kilele, cheupe, karibu, kama kitu kilichoanikwa ambacho mtu angeweza kunyoosha mkono akakichukua. Kiongozi alimjia, uso umevimba kidogo chini ya macho, glavu mkononi.

"Habari ya kichwa, baba?"

"Kichwa kizuri. Tumbo zuri. Nimekula." Na yote yalikuwa kweli. Kisha Zipu akauliza, "Na wewe, mama? Habari ya ki—"

"Salama," Kiongozi akasema.

Hakuwa amemaliza kuuliza.

Zipu alisikia. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, alisikia vizuri kabisa. Sauti ilikuwa ya binti lakini salama ilikuwa ya marehemu, imetoka upesi vile vile, na tabasamu lile lile la kumfukuza mtu. Neno alikuwa nalo mdomoni. Mbaya. Kichwa changu kibaya, tugeuke. Angelisema, Kiongozi angekunja kamba zake bila swali, maana sheria aliiweka mwenyewe, na kufika jioni wangekuwa chini kwenye hewa nzito wakinywa supu.

Alijiambia kwamba yeye ni fundi wa zipu na yule ni kiongozi, ameshapanda mara zisizo na idadi, anaujua mwili wake. Alijiambia kwamba ni mafua. Hayo ndiyo aliyojiambia. Ukweli ni kwamba alikitazama kile kilele, akakitamani kama mtoto anavyotamani, akaona umri wake, akaona mvua, akajua kwamba akigeuka leo hatarudi tena. Akatazama chini, kwenye buti zake, kama zamani alivyotazama sahani.

"Twende," akasema.

Walipanda. Siku zote Kiongozi alitangulia. Siku hiyo alibaki nyuma, na Ndevu ndiye aliyeshika mbele. Mwendo ulikuwa wa taratibu mno hata Zipu akaweza kuimba, na aliimba, akidhani ndiyo adabu ya mlima. Walipofika chini kidogo ya kilele, Kiongozi aliketi kwenye jiwe lililokingwa na upepo.

"Malizeni," akasema. Aliyatoa maneno moja moja. "Mimi nimeshapaona. Nitakungoja hapa, baba. Nenda."

Ndevu akasita. "Kiongozi, tushuke?"

"Mpeleke mzee wangu." Ilikuwa amri.

Na Zipu akaenda. Kileleni palikuwa na kibao kilichobandikwa karatasi za kila rangi, na watu wakikumbatiana. Upepo ulimtoa machozi. Kijana mmoja asiyemjua alimshika mkono, akauliza, "Hongera mzee, habari za kupanda?"

"Nzuri sana," Zipu akasema, na baada ya miezi ya magoti na choo, neno hilo lilikuwa la kweli. Kijana alikuwa amevaa koti la kukodi. Kwenye zipu ya kifuani kulikuwa na uzi wa kijani. Zipu aliugusa kwa kidole, akacheka peke yake, kijana asielewe. Huo ndio uliokuwa wakati wake wa furaha, na ulikuwa mfupi sana.

Waliporudi kwenye jiwe walimkuta Kiongozi amevua glavu. Zilikuwa zimepangwa kando yake kwa unadhifu, kama mtu aliyekaribia kunawa kula. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Pumzi yake ilitoa sauti ya mtungi unaojazwa maji. Ndevu akapiga magoti, akamshika uso, akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe Kiongozi alimfundisha kuuliza kabla ya lolote.

"Habari ya kichwa, Kiongozi?"

"Salama," akasema. Akafungua mdomo tena, kama mwenye jambo la kuongeza, na badala ya neno likatoka povu lenye damu. Baada ya hapo alikata kauli.

Walishuka naye mbio. Ndevu alimbeba mgongoni mpaka wapagazi walipowapokea na machela. Mtungi wa hewa ukafunguliwa, ukaisha. Zipu alikimbia kando ya machela akiwa ameshika mkono wa binti yake, akianguka, akiinuka, akimwita mama, mama, mpaka wapagazi wageni wakadhani amechanganyikiwa, mzee mzima kumlilia mama yake. Alimwambia ni mbaya. Alimwambia kichwa changu kibaya, mama, tugeuke, nasema tugeuke. Walikuwa wameshageuka. Pale vichaka vya kwanza vinapoanza, mkono ukawa mzito. Ndevu akainama, akasikiliza, akavua kofia yake.

Walimweka ndani ya mfuko wa kulalia. Mpagazi mmoja akaivuta zipu, ikapanda mpaka karibu na kidevu, ikakwama. Akaivuta kwa nguvu. Mwingine akajaribu. Kitambaa kilikuwa kimeingia kwenye meno.

"Acheni, mtaing'oa," Zipu akasema.

Akapiga magoti. Akairudisha nyuma kidogo, akakitoa kitambaa kwa ukucha, akayalainisha meno kwa mate, kama alivyofanya kwa mifuko ya watu tangu ujana wake. Kisha akaipandisha polepole, ikapita kidevu, ikapita mdomo, ikapita macho, ikafika mwisho.

Huko juu hakukuwa na mtandao, na mji mzima ulikuwa haujui kitu. Kwenye kibanda cha askari wa hifadhi, juu kidogo ya geti, machela ilisimamishwa ili maelezo yaandikwe. Ndevu akasema atatangulia kumwambia mwenye mke, ambaye lazima atakuwa pale getini anangoja, maana ndiyo siku waliyoagana.

"Hapana," Zipu akasema. "Nitamwambia mimi. Mimi ndiye niliyeambiwa nimtunze."

Hakuna aliyembishia. Akashuka peke yake katikati ya miti, buti zimemzoea sasa, haziumi popote. Njia nzima alijifunza. Alijua kwamba si neno la kuzungukazunguka. Hakuna kumkalisha mtu kwanza, hakuna kumwambia jikaze. Aanze na ila. Mbaya, mwanangu. Mkeo amefariki. Aliliambia jiwe. Aliliambia daraja. Mbaya, mkeo amefariki, mimi nilisikia nikanyamaza. Alilisema mpaka likatoka bila kukwama, na alipoliona geti alikuwa bado analisema.

Mkwe alikuwa amesimama upande wa pili, chupa ya chai kwapani, unga nyweleni. Alipomwona Zipu akitokeza, amesimama wima kwa miguu yake mwenyewe, aliachia kicheko cha mtu aliyekuwa na wasiwasi kwa siku nyingi.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba."

"Haya, umetoka getini!" Mkwe alikuwa akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akiutikisa. "Sharti limekwisha, leo na mimi naruhusiwa kuuliza. Habari za mlimani?"

"Salama," Zipu akasema.

Lilitoka lenyewe, upesi. Akabaki na mdomo wazi, akiisubiri ile nyingine.

"Nilijua! Hongera sana, baba, hongera." Mkwe akamwekea chai mkononi, akapita, akaanza kupanda njia kwa hatua ndefu, akimwita mkewe kwa jina la nyumbani.

"Ila," Zipu akasema. Mkwe alikuwa ameshaifikia kona.